Mchezo wa mtoto nyumbani na kichupa cha mafuta ya kunukia: tusivichanganye

Siku hizi hapa Bukavu, ukikaa na wazazi wenye watoto wa miaka mitatu mpaka mitano, maneno mawili hayachelewi kutokea. La kwanza: mtoto anaweza kuanza masomo nyumbani kwa kucheza, hata kama pesa ya gardienne, shule ya watoto wadogo, haijapatikana. La pili: kuna mafuta ya kunukia yanayofungua akili, unampaka mtoto matone mawili kwenye kipaji cha uso au unayatia kwenye donge la kuchezea, naye anatulia na kushika haraka. Maneno hayo hutembea pamoja kwenye simu, mara nyingi katika video moja: meza safi, mtoto anakanda donge la rangi, pembeni kimesimama kichupa cheusi cha kudondoshea. Mtu anayeiangalia akiwa mtaa wa Kadutu au Panzi anabaki akiamini kwamba ni jambo moja.

Ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni kweli na limechunguzwa kwa miaka mingi. La pili halijathibitishwa kwa watoto, na likifanywa ovyo linaweza kumfikisha mtoto hospitali usiku huohuo. Ninaandika kwa sababu naona wazazi wenye nia njema wanakosa usingizi wakitafuta pesa ya kichupa, wakati kitu kinachomkuza mtoto kimeshajaa nyumbani mwao.

Tuanze na shule yenyewe. Kwa sheria ya elimu ya Congo ya 2014, maternele, ile tuliyozoea kuiita gardienne, ni ya watoto wa miaka 3 hadi 5, kabla ya kuingia shule ya msingi wakiwa na miaka 6. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini bure hiyo haikufika kwa gardienne. Kisha Februari 2025 vita vikaingia mjini, shule zikafunga, benki zikafunga, na familia nyingi zilizokuwa zikilipia mtoto mdogo zikashindwa kuendelea. Kwa hiyo mzazi anayeuliza "nitamfundisha nini huyu nyumbani?" anauliza swali la haki kabisa, na anastahili jibu lisilokuwa na biashara ndani yake.

Kujifunza kwa mchezo ni nini

Ni mtoto kufanya kitu anachokipenda, kwa mikono na mdomo wake, huku mtu mkubwa akiwa karibu, akimjibu na kumwongezea kidogo. Mambo yote mawili yanahitajika. Mtoto akiachwa peke yake uani siku nzima anacheza, na hilo ni jema, lakini anakosa mtu wa kumpa maneno. Na mtoto wa miaka minne aliyekalishwa mezani saa nzima akiandika "a, a, a" kwenye daftari hachezi hata kama daftari lina picha za wanyama.

Chukua vifuniko vya chupa za Primus na Fanta, vile vinavyotupwa mbele ya kila nganda, yaani baa. Vioshe, pondaponda kingo zisikate mikono. Tuseme mtoto wako ana miaka mitatu na nusu na anahesabu mpaka kumi bila kukosea, majirani wanampigia makofi. Mwagia mkekani vifuniko kumi na viwili, mwambie: "Nipe vitatu." Watoto wengi wa umri huo huchota konzi nzima na kukupa huku wakitabasamu. Mzazi hushangaa, wengine hukasirika: si juzi tu ulihesabu mpaka kumi? Lakini mtoto hakudanganya. Anaujua wimbo wa namba. Bado hajajua kwamba unapohesabu vitu, namba ya mwisho uliyoitaja ndiyo jina la vyote kwa pamoja. Huo ni ugunduzi mkubwa, na watoto wengi huufikia kati ya miaka mitatu na minne, kila mmoja kwa wakati wake.

Humfikishi kwa kumpigia kelele. Unamfikisha kwa kurudia mchezo. Shika kidole chake, mguse kifuniko kimoja kimoja: "Moja. Mbili. Tatu." Simama hapo. Vikusanye kwa mkono, useme: "Vitatu. Hivi vyote ni vitatu." Kesho mwombe viwili tu. Kesho kutwa fungueni duka: yeye anauza sambaza, kila kifuniko ni samaki mmoja, wewe ni mama unayetoka kazini na unataka samaki wanne wa jioni. Akikupa watano, hesabu mbele yake polepole na umrudishie mmoja: "Huyu amezidi, baba." Utaona uso wake siku atakapokuzuia mwenyewe kwa sababu umechukua samaki ambaye hukumlipia. Siku hiyo hesabu imeingia, na hakuna aliyeshika kalamu.

Kalamu nayo ina njia yake. Mtoto anayechambua maharagi, anayechuma majani ya lengalenga kutoka kwenye kikonyo, anayefunga na kufungua vifungo vya shati la kaka yake, anaimarisha vidole vitatu vilevile vitakavyoshika kalamu akiwa na miaka sita. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alipofungua nyumba yake ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo huko Roma, aliwapa kazi za kufunga vifungo, kufagia, kuosha meza na kumimina maji. Watu waliona kama kazi za nyumbani tu. Ndiyo hizo hizo tunazowafukuza watoto wetu wasizifanye kwa sababu "utachafua, kaa pale."

Maji yetu ni ya kupanga foleni, kwa hiyo sitamwambia mtu ayamwage. Lakini maji ya kuoshea vyombo yanaweza kupita kwanza kwenye mikono ya mtoto. Mpe kikombe na bidoni ndogo, muulize: vikombe vingapi vitaijaza? Akisema "viwili", msimcheke. Mimineni pamoja. Na kwa sisi tunaoishi mlimani, kila ngazi ya kuteremka barabarani ni somo la kuhesabu lisilolipiwa.

Kuhusu lugha, wazazi wengi huhofia kwamba mtoto asipoongeleshwa Kifaransa tangu akiwa na miaka miwili ataachwa nyuma. Hapana. Muongeleshe lugha ambayo wewe mwenyewe unacheka nayo, unasimulia nayo hadithi, unambembeleza nayo: Kiswahili, Mashi, Kirega. Mtoto anayeelewa vizuri "kubwa kuliko", "kabla", "chini ya", "kwa sababu" katika Kiswahili atahitaji tu kupata jina la Kifaransa la kitu anachokijua tayari. Asiyeelewa katika lugha yoyote ana kazi mbili kwa mpigo. Sheria ya 2014 yenyewe inazitambua lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia.

Kama unajiuliza iwapo vifuniko na maneno ya mama vinaweza kweli kubadilisha maisha ya mtu, tazama Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliandikisha watoto 129 wa umri kati ya miezi 9 na 24 waliokuwa wamedumaa kwa lishe duni. Nyumba za baadhi yao zilitembelewa na wahudumu wa afya wa mtaa, saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Mhudumu hakuja na mashine. Alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, vitambaa na mbao, akamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Miaka ishirini baadaye watoto hao, sasa watu wazima, walikuwa wakipata mapato yanayozidi kwa asilimia 25 yale ya wenzao waliokuwa wamedumaa pia lakini hawakupata michezo hiyo. Saa moja kwa wiki. Kila ninapoikumbuka namba hiyo nawafikiria akina mama wa Kadutu wanaouza tangu alfajiri na wanaojilaumu kwamba hawana muda. Saa moja ya kweli, simu ikiwa chini, ina uzito mkubwa.

Simu yenyewe: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu na minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi, huku akihitaji dakika 180 za kutembeza mwili. Nzango, ule mchezo wa kuruka wa dada zake nyuma ya nyumba, inahesabika.

Harufu iliingiaje kwenye mchezo

Walimu wa watoto wadogo huzungumzia michezo ya hisi: kugusa, kuona, kusikia, kuonja, kunusa. Hilo ni sahihi, mtoto huujua ulimwengu kwa hisi zote. Katika nchi za wenzetu, mzazi aliyezungukwa na maduka yaliyojaa vichupa aliona njia ya haraka ya kuleta harufu mezani ni kudondosha mafuta ya lavanda kwenye donge. Baadaye wauzaji wakaongeza maneno: hii inatuliza, hii inaongeza kumbukumbu. Kuna tafiti ndogo zilizofanywa kwa watu wazima kuhusu harufu ya mmea wa romarini na kumbukumbu. Kutoka hapo mpaka kumpaka mtoto wa miaka mitatu kipajini ili ajue herufi, safari ni ndefu na haijatembewa na mtu.

Mchezo wa kunusa hauhitaji kichupa. Chukua vikombe vitano. Kimoja weka kahawa iliyosagwa, kimoja tangawizi iliyopondwa, kimoja majani ya mchaichai uliyoyafikicha, kimoja ganda la limau, kimoja sambaza wakavu. Funika kila kikombe kwa kitambaa chepesi. Mtoto anafumba macho, ananusa, anasema. Muulize si jina tu: "Unakumbuka nini? Nani hunywa hii asubuhi?" Hapo unapata neno, kumbukumbu na hadithi. Sambaza humfanya kila mtoto akunje pua na kucheka, na baada ya raundi mbili atataka yeye awe wa kuficha vikombe na wewe ufumbe macho. Mwachie. Anayepanga mchezo anafikiri zaidi ya anayejibu.

Donge la kukanda nalo ni rahisi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, kijiko cha mafuta ya kupikia. Ukitaka rangi, binzari au maji mekundu ya betterave ya sokoni yanatosha. Tahadhari moja: chumvi hiyo ni nyingi mno kwa tumbo la mtoto mdogo anayekula kila kitu. Kwa aliye chini ya miaka mitatu tumia udongo safi wa mfinyanzi au bonge la bugali lililopoa. Na maharagi na vifuniko visiachwe mikononi mwa mtoto wa umri huo bila mtu wa kumtazama. Haragwe likiingia puani huvimba kwa unyevu, na kulitoa ni kazi ya muganga wa hospitali.

Mafuta ya kunukia ni nini hasa

Lebo ya Kifaransa huandika huile essentielle. Haya si mafuta ya kupikia, wala si pomadi, wala si mafuta ya nazi yaliyotiwa manukato. Ni kimiminika kikali chenye harufu kinachotolewa kwenye mmea kwa mvuke. Majani hujazwa katika pipa, mvuke wa moto hupitishwa ndani yake, mvuke unabeba vile vitu vya harufu, unapozwa, kisha mafuta yanaelea juu ya maji na kutengwa. Mara nyingi kilo 100 za majani ya mkaratusi hutoa kilo moja au mbili tu za mafuta. Kwa hiyo kichupa cha mililita 10, kidogo kuliko kidole gumba, kimebeba harufu ya karibu nusu kilo mpaka kilo nzima ya majani.

Fikiria pilipili. Moja ndani ya sufuria ya sombe inamfaa kila mtu, hata mtoto anakula. Sasa chukua kikapu kizima cha pilipili, kiponde na kukichemsha mpaka kibaki kijiko kimoja. Bado ni pilipili ile ile ya sokoni, hakuna kilichoongezwa, lakini hakuna mama atakayekitia kijiko hicho kinywani mwa mwanawe.

Ndiyo maana hoja ya "bibi zetu walitumia mkaratusi na hatukufa" haijibu kitu. Bibi alichemsha konzi ya majani. Gramu 50 za majani zina mafuta yasiyozidi gramu moja hivi, na mengi huruka na mvuke. (Kumfunika mtoto blanketi juu ya sufuria inayochemka ni hatari ya aina nyingine: watoto wameungua vibaya kwa namna hiyo, na mafua yanapona yenyewe bila mvuke.)

Ongeza uzito wa mwili. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo 14 hivi, mtu mzima 60 au zaidi. Kiasi kilekile kinamwingia mtoto kwa nguvu zaidi ya mara nne. Ngozi yake ni nyembamba na inapitisha zaidi, na ini la mtoto mchanga bado halijajua kusafisha kila kitu.

"Lakini ni vya asili," watu husema. Sisi wa Bukavu hatukupaswa kudanganywa na neno hilo. Kwinini inayotengenezwa na kiwanda cha Pharmakina mjini kwetu hutoka kwenye gome la mti, mkinkina, unaolimwa katika milima ya Kivu. Ni asili tupu. Inaponya malaria, na ikizidi kipimo masikio hulia, macho huweza kupofuka, moyo huvurugika. Kila mtu hapa anaijua, na hakuna anayempa mtoto kwinini kwa kukadiria. Kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru, kitoke mtini au kitoke maabara.

Yapi ni ya kuogopa zaidi

Mkaratusi na kafuri ndivyo vya kwanza, kwa sababu viko karibu kila nyumba, ndani ya balsamu za mafua na mafuta ya maumivu. Mafuta matupu ya mkaratusi, mililita mbili tatu tu zikimezwa na mtoto, yamesababisha sumu kali: usingizi mzito, kuyumba, kushindwa kupumua vizuri, degedege. Kafuri ni mbaya zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kafuri ya asilimia 20 kina gramu moja hivi ya kafuri, na kiasi hicho kimeshaua watoto wadogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani iliyapiga marufuku mafuta hayo na kuweka kikomo cha asilimia 11 kwa dawa za kupaka.

Hapa kuna jambo ninalotaka kila mzazi wa nchi ya malaria alishike. Watoto wa kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano hupata degedege kwa urahisi homa inapopanda. Kafuri, mkaratusi na romarini ya aina yenye kafuri navyo huchochea degedege. Mama anayemsugua balsamu mtoto anayechemka homa kifuani, mgongoni na puani anamwekea mzigo juu ya mzigo. Mwaka 2011 shirika la dawa la Ulaya lilizuia supozituari (dawa za kutia njia ya haja kubwa) za kikohozi zenye vitu hivyo kwa watoto walio chini ya miezi 30, na kwa mtoto yeyote aliyewahi kupata degedege. Supozituari za aina hiyo zilikuwa zikiuzwa kama kitu cha kawaida kabisa. Homa inahitaji kipimo cha malaria na parasetamoli ya kipimo cha uzito wake. Haihitaji harufu.

Mnanaa na mentoli: ukimpaka mtoto wa chini ya miaka miwili puani au karibu na pua, koo lake linaweza kujifunga ghafla na pumzi ikakatika. Mafuta ya karafuu, yale ambayo wengine huwapaka watoto kwenye ufizi meno yanapoota, yakimezwa yamewahi kuharibu ini la mtoto. Na mafuta ya maumivu ya viungo yenye jina gaulthérie au wintergreen: kijiko cha chai cha mafuta hayo matupu kina nguvu ya zaidi ya vidonge 20 vya aspirini vya miligramu 325. Nikisoma namba hiyo naona vile vichupa vidogo vinavyouzwa mkononi sokoni, visivyo na kifuniko cha kuzuia mtoto.

Kwa hiyo soma lebo na utafute maneno haya: camphre (kafuri), menthol (mentoli), eucalyptol (ya mkaratusi), salicylate de méthyle (ya wintergreen). Kichupa kisicho na lebo, au mafuta yaliyopunguziwa kutoka kwenye chupa kubwa, usiyanunue hata kwa ajili yako mwenyewe. Na kwa kuwa tumefika kwenye kabati: vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kwenye nguo si mafuta, lakini nguo zilizolala navyo zisimguse mtoto mchanga kabla ya kufuliwa na kuanikwa. Kuna watoto wengi katika nchi zenye malaria ambao damu yao, kwa kuzaliwa, haivumilii kitu hicho, ikapasuka na mtoto akawa manjano.

Nisiwasemee vibaya wenye kuyapenda. Mtu mzima anayenusa lavanda kwenye leso kabla ya kulala hana kosa. Hata kwa mtoto aliyezidi miaka mitatu, asiye na pumu, ambaye hajawahi kupata degedege, tone moja la lavanda ndani ya kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti au ya nazi, likijaribiwa kwanza kidogo kwenye mkono na kusubiriwa siku nzima, si la kutisha. Lakini litampa harufu nzuri, basi. Usilidondoshe kwenye maji ya kuoga ukidhani yamelipunguza: mafuta hayachanganyiki na maji, yataelea na kumgusa ngozi yakiwa makali vilevile. Usiyatie kwenye donge, kwa sababu donge huishia mdomoni na vidole huishia machoni. Usiyaweke karibu na mbabula, jiko la makaa, yanashika moto haraka. Na katika chumba kimoja cha mbao ambamo tayari kuna moshi wa makala, kinachosaidia kifua cha mtoto ni kufungua dirisha na kutoa mbabula nje. Harufu haisafishi hewa, inaifunika tu. Wala haikingi malaria usiku kucha: mchaichai hufukuza mbu kwa muda mfupi, kisha chandarua ndicho kinabaki na kazi.

Mtoto akinywa

Wazo la kwanza la mzazi ni kumtapisha au kumpa maziwa au mafuta ya mawese "yakate sumu". Tafadhali usifanye lolote kati ya hayo. Akitapika, mafuta hupanda na kuingia kwenye mapafu, sawasawa na petroli ya taa, na mapafu huungua. Mafuta na maziwa huweza kuifanya kafuri iingie mwilini kwa haraka zaidi. Mpanguse mdomo kwa kitambaa, usimpe kitu, mchukue twende hospitali. Usisubiri dalili, kwa sababu mtoto anaweza kucheza vizuri dakika kumi kisha akazimika. Mara nyingi sumu hii hujionyesha ndani ya nusu saa: kikohozi, kutapika, usingizi usio wa saa yake, kuyumba.

Degedege ikianza njiani, mlaze ubavu, hata kama ni juu ya magoti yako pembeni ya barabara, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Kama mafuta yalimwingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka robo saa nzima kabla ya kutoka nyumbani. Kama ni ngozini, futa kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha osha kwa sabuni.

Beba kichupa chenyewe, hata kama kimebaki kitupu. Mwambie muganga saa ngapi ilitokea, kilikuwa kimejaa kiasi gani, mtoto ana kilo ngapi kama unajua. Na kama kabla ya kufika bibi au jirani alikuwa amempa kitu kingine, kisemeni pia bila aibu, maana dawa atakayopangiwa inategemea hicho.